8000 jumlisha 2000 inaniletea 80002000, msaada wakuu

mwanagenzi
Habari zenu wakuu. Najifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, mwezi wa pili sasa, nimetengeneza fomu ndogo ya duka la mamdogo, unajaza bei ya kanga na nauli ya bodaboda halafu inakupa jumla. Sasa nikiweka 8000 na 2000 inatoa 80002000!! Cha ajabu nikiweka alama ya kutoa inakubali vizuri tu, inaleta 6000. Nimekesha nayo jana mpaka saa nane usiku

fundi_kodi
Pole mdogo wangu, hesabu yako haina shida, shida ni aina ya data. Chochote unachokisoma kwenye kisanduku cha fomu kwa .value kinakuja kama stringi, yaani maandishi, hata kama umeweka type="number". Na ile + ina kazi mbili, ikikuta namba huku na huku inajumlisha, ikikuta maandishi hata upande mmoja basi inaunganisha tu kama unavyobandika neno na neno. Kutoa haina kazi ya pili ndo maana inayageuza yenyewe kuwa namba. Andika `Number(bei) + Number(nauli)`, hiyo Number inageuza maandishi kuwa namba. Na ukishtukia kitu anza na `console.log(typeof bei)`, inakuonyesha bei ni data ya aina gani, itakuokolea usiku mwingi sana

dada_wa_data
Nyongeza muhimu, usije ukageuza kila kitu. Namba ya simu iache stringi, maana `Number("0712")` inakupa 712, sifuri imeenda na mteja humpati tena. Mi kitu nisichokipigia hesabu sikigeuzi. Halafu mteja akiandika "8,000" na koma utapata NaN, yaani "si namba", na akiacha wazi utapata 0 kimya kimya, hiyo 0 ndo mbaya zaidi kwa duka

mwanagenzi
Imekubali!! 10000 hiyo hapo, asanteni sana. Ila nimejaribu typeof kwa kila kitu, true imeleta boolean (aina ya kweli/si kweli) sawa, null ikaleta object, aina ya vitu vyenye data ndani. Null si maana yake hakuna kitu?

fundi_kodi
Uko sahihi wewe, null ni aina yake peke yake. Hilo ni kosa la tangu lugha inaandikwa 1995, wameliacha kwa sababu wakilirekebisha leo tovuti nyingi za zamani zitavunjika. Ukitaka kuijua null tumia `bei === null`, typeof hapo usiiamini