Samaki wa Ijumaa kando ya barabara: mnatuuzia kiporo cha mchana kwa bei ya samaki wa moto

Wakuu, hili la samaki wa kukaanga Ijumaa jioni kwenye migahawa ya kando ya barabara hapa Dar limezidi. Mteja anaagiza sato mzima na ugali, mhudumu anamjibu "dakika tano tu". Sato wa nusu kilo hakaangiki kwa dakika tano! Huyo kakaangwa saa nane mchana, kalazwa kwenye kabati la vioo, sasa anarudishwa kwenye karai apate joto. Ngozi ngumu kama gome, nyama imekauka nyuzi nyuzi, mkia umeungua mweusi, na bei ni ile ile shilingi 15,000. Huo ni wizi.

Na kumkaanga sato vizuri si kazi ya ajabu. Mpare magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani. Toa mashavu na utumbo bila kupasua nyongo, kwangua utando mweusi wa ndani ya tumbo, osha mpaka damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo iishe. Mchanje mara tatu kila upande, kisu kiguse mfupa, paka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mwache nusu saa.

Halafu mkausheni! Hapo ndipo mnaporuka kila Ijumaa. Samaki aliyelowa anapoza mafuta, yanaruka, ngozi inanasa kwenye karai na kuchunika wakati wa kumgeuza. Kisha upande uliochunika unalazwa chini kwenye sahani, kachumbari inamwagwa pembeni ili mteja asiuone mpaka amlipie.

Mafuta yawe na joto la kama nyuzi 180. Chovya mkono wa mwiko mkavu: vipovu vikitoka kwa kasi pande zote, tayari, yakitoa moshi, yamepitiliza. Samaki wa nusu kilo anahitaji dakika 10 hadi 12, ageuzwe mara moja. Wateja wakijaa, karai la samaki wawili linapakiwa watano, joto linaporomoka, samaki wanachemka badala ya kukaangika na kunywa mafuta. Mpishi akiona hivyo anachochea moto, nje panakuwa kahawia na ndani damu mbichi bado imeshika uti.

Mafuta yenyewe ndiyo aibu kubwa. Meusi, mazito, povu halitulii hata samaki akitolewa, yanatoa moshi kabla hayajapata moto wa maana. Hayo yamekufa, mwageni. Kuyajazia mapya juu hakuyafufui, mapya ndiyo yanaharibika upesi. Chujeni makombo kila mnapomaliza mkupuo, maana makombo yanayoungua ndiyo yanaleta ule uchungu.

Kwa vibua na jodari naomba tusikilizane vizuri, hapa ni afya za watu. Wakikaa kwenye joto bila barafu wanatengeneza histamini, sumu inayoleta dalili kama za aleji, na moto wa karai hauiondoi. Ndimu na pilipili zinaficha harufu tu. Mteja uso unamwaka, mwili unamwasha, kichwa kinamgonga, anaharisha, halafu anaambiwa ana aleji ya samaki. Alilishwa samaki aliyeharibika.

Wateja nasi tuache upole. Omba kumwona samaki akiwa mbichi: jicho liwe angavu na limetuna, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jicho likiwa limezama na mashavu yana rangi ya matope, ondoka. Akifika mezani, mfungue kwanza mgongoni. Aliyekaangwa sasa hivi anatoa mvuke, nyama inaachia mfupa kwa mabonge meupe yenye unyevu, na mapezi yanavunjika kwa kucha. Mapezi yakijikunja bila kuvunjika na sahani imetuama mafuta, mrudishe kabla hujaugusa ugali.

Wenye migahawa, andikeni bei mbili ubaoni: samaki wa mchana bei yake ya chini, samaki wa kuagiza bei kamili na muda wake. Anayetaka samaki wa moto atasubiri. Kinachoudhi ni kudanganywa.

Anayejua sehemu wanakokaanga kwa oda na mafuta yanaonekana, ataje barabara na saa wanazoanza. Na wapishi waliomo humu jitokezeni mjibu: karai moja la mafuta mnalitumia siku ngapi?