Mrejesho: pampu ya petroli kwenye injini ya kabureta

Asalaam aleikum wakuu. Mimi yule wa Bububu, niliyeuliza kwa nini Datsun yangu inakata moto nikikanyaga mafuta tangu niifunge kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) kubwa. Mlisema pampu ndogo. Sawa, fundi akanipachika pampu ya injini ya sindano (inayopuliziwa petroli kwa nozeli, bila kabureta), presha paundi 40 kwa inchi ya mraba na zaidi! Kabureta kwa kawaida haitaki zaidi ya 7 hivi. Ikatapika petroli juu ya manifoldi (mabomba ya ubavuni mwa injini), nusura niungue.

Sasa nina pampu ya umeme ya paundi 6, imefungwa nyuma, chini ya usawa wa tangi, maana kusukuma inaweza, kuvuta haiwezi vizuri. Paipu ya petroli ya robo inchi nimeing'oa, nimeweka ya inchi 3/8.

Jana nimepanda kilima cha Kidichi na watu wanne, haikukohoa. Ila pampu inalia kama charahani.