MREJESHO: Kale kadude ka kwenye fuvu, dada ameshaongea na daktari

Wakuu, niliuliza kuhusu dada yangu wa Chicago mwenye glioblastoma (saratani kali ya ubongo), kama kweli kuna kadude kanapandikizwa kwenye fuvu kusaidia dawa. Kapo, kanaitwa SonoCloud-9, ka Ufaransa, kana vitoa mawimbi 9. Kanawekwa wakati wa kutoa uvimbe, halafu kila dozi wanakachoma sindano ya umeme kupitia ngozi, wanapiga mawimbi ya sauti kama dakika 4 huku vipovu vidogo vinazunguka kwenye damu, ule ukuta unaozuia dawa kuingia ubongoni unafunguka, saa moja baadae umeshajifunga sehemu kubwa. Ila bado ni majaribio jamani, dada anasubiri kuambiwa kama anafaa. Jana kwenye video kavua kilemba akanionesha kovu, nikashindwa kuongea. Mzidi kumuombea.