Wakia zilizo ardhini: ni kipimo cha hisa au ni mtego?

Mleta mada: Wakuu, tubishane kwa hoja. Ikitajwa kampuni ndogo ya kutafuta dhahabu, watu huchukua thamani yake sokoni na kuigawa kwa wakia (aunsi) za dhahabu ilizotangaza kuwa ziko ardhini. Thamani dola milioni 40, wakia milioni 1: basi wakia ni dola 40, "hisa ya bure hiyo!" Mimi nasema tunajidanganya. Ziko kina gani? Tani moja ya mbale (mawe yenye dhahabu) ina gramu ngapi za dhahabu? Kuna mbale yenye salfaidi (madini ya salfa) ambayo ukiiloweka kwenye sianidi, ile kemikali ya kuyeyusha dhahabu, dhahabu nyingi inabaki humo humo. Halafu wakia za kukisia, ambapo matundu ya uchorongaji yameachana sana, zinajumlishwa na zilizopimwa sawasawa.

Mchangiaji wa 1: Sasa utapima kwa nini, mkuu? Kampuni haina mapato, kwa hiyo huwezi kugawa bei kwa faida. Ukisubiri upembuzi yakinifu, ule utafiti wa kama mgodi utalipa, wenzako wameshanunua. Linganisha zinazofanana, hatua moja na aina moja ya mgodi, kipimo kitakusaidia.

Mchangiaji wa 2: Huo upembuzi nao msiuabudu, maana hupunguza pesa za baadaye ili kupata thamani yake ya leo. Dola 100 ya miaka 10 ijayo leo ni kama 61 ukitumia punguzo la asilimia 5 kwa mwaka, na 46 ukitumia asilimia 8. Kwenye dhahabu wamezoea 5. Ukiibadilisha namba hiyo tu, mradi uliokuwa unang'aa unaweza kugeuka hasara.

Mleta mada: Na Bre-X mmeisahau? Kampuni ya Kanada, ilidai wakia zaidi ya milioni 70 kule Busang, Indonesia. Sampuli zilisagwa nzima nzima, badala ya kubakiza nusu kama ilivyo desturi, hivyo hapakuwa na cha kupima upya. Mwaka 1997 kampuni ya madini ya Freeport walichoronga kando ya matundu yale yale, hawakukuta dhahabu ya maana. Aliyekuwa akigawa kwa wakia alipata jibu safi kabisa, la uongo.

Mchangiaji wa 1: Ule ulikuwa wizi, usiusingizie ugawaji. Ndiyo maana Kanada ilileta kanuni ya NI 43-101 mwaka 2001: ripoti isimamiwe na mtaalamu mwenye sifa, anayetajwa kwa jina.

Mchangiaji wa 3: Mnabishania mwamba, mimi naangalia idadi ya hisa. Kampuni ina hisa milioni 100 za senti 20, inataka dola milioni 10 za kuchoronga. Itatoa hisa mpya milioni 50. Uliyekuwa na asilimia 1 umebaki na 0.67, na dhahabu haijaongezeka hata gramu. Mwakani watarudi tena.

Mleta mada: Hapo umenishika, hilo sikuliweka kwenye hesabu yangu.

Mchangiaji wa 1: Basi gawa wakia kwa hisa zote, pamoja na zile ambazo wakurugenzi wana haki ya kuzinunua baadaye. Bado kipimo chako kitakuwa ni wakia, mkuu.