Mrejesho: tundu la usalama CVE-2025-29927 kwenye Next.js

Wakuu, niliuliza kama mfumo wetu wa Next.js 14 (zana ya kujengea tovuti), ulio kwenye seva yetu wenyewe, unaguswa na tundu hili. Unaguswa. Ukaguzi wa ruhusa ulikaa wote kwenye midoweya (msimbo unaolichuja ombi kabla halijafika kwenye ukurasa), na ombi lenye heda (maelezo yanayosafiri na ombi) ya x-middleware-subrequest iliyopangwa vizuri liliiruka midoweya na kufika kurasa za admini bila kuulizwa chochote. Rahisi hadi inatia hasira!

Kama mlivyoshauri, kwanza Nginx, seva inayopokea maombi mbele ya mfumo, ikaanza kuifuta heda hiyo, kisha tukapanda hadi Next.js 14.2.25, iliyoziba tundu hilo. Jaribio lilelile sasa linarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia.

Kumbukumbu za Nginx hazikuwa zikiandika heda, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba hakuna aliyepita. Tumebadilisha funguo zote, na ukaguzi tunauweka pia pale data inaposomwa.