Nina logo 43 zimelala kwenye kompyuta: nizipeleke masoko ya stoki? Naombeni ushauri

Mkono_wa_Penseli

Habari za muda huu wakuu.

Nachora logo huu mwaka wa sita, miwili ya kwanza nikiwa nimeajiriwa na iliyobaki najitegemea. Mnajua ilivyo: mteja unampelekea mapendekezo matatu, anachukua moja, mawili yanabaki kwako. Ukijumlisha na zile ninazochora usiku kwa mapenzi tu, juzi nimehesabu nikapata 43. Kuzifuta naona uchungu. Zote zilianzia kwenye karatasi, nikazimalizia kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, kwa hiyo ni vekta safi (michoro isiyoharibika hata ukiikuza).

Mwaka jana nilijaribu. Nilichagua 12 nikazipakia kwenye soko moja kubwa la stoki, yaani la picha na vekta ambazo yeyote analipia kuzitumia. Saba zikakataliwa, tano zikapita. Kati ya hizo tano kuna moja, korongo aliyejikunja shingo akawa herufi S, imepakuliwa mara sita. Malipo yake ni ya senti.

Sasa wiki iliyopita kuna mtu kaniandikia. Anamtaka huyo korongo awe logo ya kampuni yake, na anataka awe wake peke yake, asionekane kwingine. Pesa aliyotaja ni nzuri. Nilifurahi sana, kisha usiku usingizi ukakata.

Je, naweza kumuuzia? Na zile nyingine, nizipeleke soko la namna gani? Kuna anayeishi kwa kazi hii anielekeze?

Wino_Mweusi

Mkuu, korongo usimuuze kama wa peke yake. Watu sita tayari wanaye. Hilo liko wazi, mengine wajuzi watakueleza.

Fundi_Vekta

Pole na hongera kwa pamoja. Umechanganya masoko, na wengi tumeanzia hapo hapo. Ngoja nikuchambulie.

Soko la kwanza ni kama Shutterstock, Adobe Stock au iStock. Pale huuzi mchoro, unauza ruhusa ya kuutumia, na ruhusa hiyo hiyo anaweza kupewa yeyote anayekuja nyuma. Ndiyo maana bei iko chini. Na jambo ambalo wachoraji wengi hawalisomi: leseni za masoko hayo zinamkataza mnunuzi kuufanya mchoro kuwa logo au alama ya biashara yake. Haingeingia akilini vinginevyo, maana alama ya biashara kazi yake ni kumtofautisha mtu mmoja na wengine, na kitu kinachochukuliwa na kila anayelipa hakiwezi kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo wale sita waliompakua korongo wako wanaweza kumweka kwenye bango, kitabu au fulana kulingana na leseni waliyolipia, ila logo hapana. Hata Canva, tovuti ya kubunia michoro, ina sharti la jamaa ya hilo: logo iliyojengwa kwa michoro ya maktaba yao huwezi kuisajili kuwa alama yako.

Soko la pili linauza violezo, kwa mfano Creative Market. Mnunuzi anachukua muundo, anaandika jina lake, anaendelea. Muundo mmoja unauzwa mara nyingi na kila mnunuzi anatakiwa kujua hivyo tangu mwanzo. Ni biashara halali, lakini mimi binafsi siipendi kwa logo. Nimewahi kukuta maduka mawili ya bidhaa za aina moja yana jani lile lile nililochora, na nilijisikia vibaya kwa niaba yao wote wawili.

La tatu ndilo lako: maduka ya logo zinazouzwa mara moja tu. LogoGround ni mojawapo. Logo ikinunuliwa inatolewa rafuni na haki zinahamia kwa mnunuzi. Humo unaweka bei ya kweli, na humo ndimo sharti la kutopakia logo ile ile sehemu nyingine linapochukuliwa kwa uzito mkubwa. Ukiiweka sehemu mbili na zikauzwa siku moja, umemdhulumu mmoja.

Kumtoa korongo sokoni leo hakutafuta leseni sita zilizokwisha kutolewa. Mwambie mnunuzi ukweli.

Kona_ya_Hakimiliki

Nimefanya kazi ya usajili wa alama kwa muda, naomba niongezee, kwa sababu hapa watu huwa wanachanganya haki mbili.

Hakimiliki ya mchoro unaipata pale unapoumaliza. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 hakuna haja ya kuisajili kwanza. Hii ndiyo unayoiuza. Alama ya biashara ni haki nyingine, anaipata mwenye biashara, mara nyingi kwa kusajili katika aina fulani ya bidhaa au huduma. Kwa mpangilio wa Nice, ule wa kimataifa wa kugawa bidhaa na huduma kwa ajili ya usajili, ziko aina 45: bidhaa 34, huduma 11. Wewe mchoraji hujui mnunuzi atauza sabuni au bima, kwa hiyo usiwahi kumwahidi kwamba logo "inasajilika". Mwahidi kile unachokijua: kwamba umeichora mwenyewe, hujaiuza kwa mwingine, na hakuna kipande cha mtu ndani yake.

Kabla ya kupakia, tafuta kwanza. WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, wana kanzidata ya bure inayoitwa Global Brand Database na unaweza kutafuta kwa picha, sio kwa jina tu. Halafu pitisha picha hiyo hiyo kwenye TinEye, tovuti inayotafuta picha zinazolingana mtandaoni. Hutapata kila kinachofanana duniani, lakini ukikuta mfanano wa wazi, iache. Korongo, simba, mlima na jani ni maumbo yaliyochorwa na maelfu ya watu, kwa hiyo mfanano hauna maana kwamba mtu kaiba. Mnunuzi wako lakini ndiye atakayebeba barua ya mawakili.

Sasa nina swali. Hayo mapendekezo yaliyobaki kwa wateja, mikataba yake inasemaje? Na yale ya miaka miwili ya ajira je?

Mkono_wa_Penseli

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili.

Mkuu Kona, mikataba ya kujitegemea inasema mteja anamiliki "muundo aliouchagua na kuulipia". Mengine haikutaja. Za ajira ziko tisa. Nilizichora ofisini ila hazikutumika kabisa, faili nilibaki nazo mimi tu.

Kona_ya_Hakimiliki

Hizo tisa ziweke pembeni. Katika nchi nyingi kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira ni mali ya mwajiri, itumike isitumike. Kubaki na faili hakukupi haki. Unaweza kuwaandikia ukaomba ruhusa, wakikubali upate kwa maandishi.

Zile za wateja, kwa maneno hayo uliyonukuu, ziko upande wako. Ila angalia usiuze pendekezo ambalo ni ndugu wa lile alilochagua mteja. Kama alichukua tembo anayetazama kulia na wewe unauza tembo yule yule anayetazama kushoto, umeuza logo yake.

Bi_Rangi

Kaka, mimi nitakwambia la fonti, maana lilinigharimu.

Nilichora logo nzuri sana, ya maandishi matupu, nikatumia fonti niliyoipakua bure. Ikauzwa ndani ya mwezi. Baada ya muda mnunuzi akaniandikia kwamba mwenye fonti anamdai leseni. Nikarudi kwenye lile folda, nikafungua faili dogo la maelezo ambalo sikuwahi kulifungua: "kwa matumizi binafsi tu". Nilimrudishia mnunuzi pesa yote na kumwomba radhi. Alikuwa ameshachapisha vibandiko. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu yeye hakuwa na kosa lolote.

Tangu hapo natumia njia mbili. Ama nachora herufi mwenyewe, ama nachukua fonti zenye leseni ya SIL, ile ya fonti huria, ambazo zimejaa kwenye Google Fonts. Leseni hiyo inaruhusu kutumia herufi kwenye logo na kuiuza. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Na kabla ya kukabidhi, geuza herufi zote kuwa maumbo, mnunuzi akifungua faili asikute herufi zimebadilika kwa sababu hana hiyo fonti.

Tukiwa hapo hapo kwenye faili: mpe faili za aina ya SVG, PDF na EPS, toleo la rangi, toleo jeusi tupu, na toleo jeupe la kuweka juu ya rangi nzito. Lijaribu lile jeusi kwa pikseli 16. Logo nyingi zinazopendeza kwenye skrini kubwa hufa hapo: mistari myembamba inapotea, nafasi kati ya vidole vya ndege zinajaa. Korongo wako mwenye shingo iliyojikunja, umemjaribu kwa udogo huo?

Mkono_wa_Penseli

Sikuwahi dada. Nimejaribu sasa hivi. Mdomo umepotea, anaonekana kama nyoka.

Bi_Rangi

Basi mnunuzi angeligundua mwenyewe siku ya kwanza. Mchore upya kwa mstari mnene, mdomo uwe mfupi na mpana.

Gridi_na_Duara

Samahani kuingilia. Mimi nazitengeneza kwa akili mnemba halafu nazigeuza vekta. Kwa siku napata hata 50. Nazo naweza kupeleka kwenye maduka ya mara moja?

Fundi_Vekta

Ndugu, unauza kitu gani hapo? Duka la mara moja linauza uhamisho wa hakimiliki. Marekani, kwa mfano, ofisi ya hakimiliki inataka kazi iwe na mkono wa binadamu, na mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo kwenye kesi ya Thaler, aliyetaka hakimiliki ya picha iliyotengenezwa na mashine. Picha iliyozalishwa na mashine tupu haina hakimiliki ya kuhamisha, kwa hiyo mnunuzi analipia karatasi tupu. Getty Images na iStock walizuia picha za namna hiyo tangu 2022. Adobe Stock wanazipokea kwa sharti kwamba uzitambulishe. Soma masharti ya kila duka, na usimfiche mnunuzi chanzo.

Wino_Mweusi

Kuhusu bei, kwa kuwa hamjaigusa. Carolyn Davidson alilipwa dola 35 mwaka 1971 kwa alama ya Nike, na miaka kadhaa baadaye, 1983, kampuni ikampa hisa kama shukrani. Paul Rand mwaka 1986 alilipwa dola 100,000 na NeXT, kampuni ya kompyuta ya Steve Jobs, kwa pendekezo moja tu la logo. Hawa walikuwa na wateja mezani, wewe unauza kwa usiyemjua. Hata hivyo logo ya mara moja ukiiuza imekwenda. Hutaiuza tena, na hata kuionyesha kwenye kazi zako ni lazima ukubaliane na mnunuzi. Bei ibebe hayo yote, pamoja na kamisheni ya duka. Mtu anayeweka bei ya leseni ya stoki kwenye logo ya mara moja anajiumiza na anatuumiza wenzake.

Halafu kodi: masoko ya Marekani yatakutaka ujaze fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani. Usipoijaza vizuri, mrabaha unaotokana na Marekani unaweza kukatwa asilimia 30. Kama nchi yako ina mkataba wa kodi nao, kiwango kinaweza kushuka. Dakika kumi tu, usiipuuze.

Mkono_wa_Penseli

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimemwandikia yule mnunuzi kila kitu: korongo amepakuliwa mara sita, leseni zile siwezi kuzifuta, kwa hiyo siwezi kumwahidi upekee. Nilidhani atakasirika. Amejibu kwa kushukuru na ameniomba nimchoree ndege mwingine kutoka mwanzo, kwa pesa ile ile. Nimeanza michoro ya penseli jana: korongo amesimama kwa mguu mmoja, mdomo mpana kama alivyosema Bi Rangi, na kwa pikseli 16 anasomeka.

Zile 43 nimezipepeta. Tano zilizoko sokoni nimeziacha huko huko kama vielelezo vya kawaida. Tisa za ofisini nimezitoa, na barua ya kuomba ruhusa nimeshaituma. Nne zina fonti ambayo leseni yake siioni, nitachora herufi upya kabla ya kuzifikiria. Mbili nilizitafuta kwa picha nikakuta alama zinazokaribiana nazo mno. Moja ilikuwa kipenzi changu, nimeifuta hata hivyo. Zimebaki 23, na jioni hii naanza kuzitengenezea toleo jeusi.

Swali la mwisho: kwenye picha ya maonyesho niandike jina gani chini ya logo?

Kona_ya_Hakimiliki

Jina la kubuni, fupi, na ulitafute kwenye ile kanzidata kabla ya kuliandika. Na hati ya uhamisho ya yule wa korongo mpya iwe na picha ya logo yenyewe ndani yake, tarehe, majina yenu kamili na sahihi mbili. Nitumie rasimu faragha niipitie.