Kishikwambi kimejaa, nimefuta picha 1,400 na nafasi haijaongezeka hata kidogo

MwalimuZabibu aliandika:

Mbukwenyi wadau. Kwa wasio Wagogo, hiyo ni salamu, itikieni tu.

Nina kishikwambi cha Samsung, GB 32, nilinunua mkono wa pili hapa Dodoma mjini miaka mitatu iliyopita. Si vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, maana najua swali hilo linakuja. Hiki ni changu, na humo ndimo ilimo WhatsApp yangu, picha za familia na hesabu zote za shamba langu dogo la zabibu huku Hombolo.

Jumamosi yamenikuta. Mnunuzi kaja na Fuso, tunapima. Mimi nina utaratibu: kreti ikipanda kwenye mizani, namba ikitulia, napiga picha. Msimu uliopita nilipishana kilo na mnunuzi mwingine, sikuwa na ushahidi, nikanyamaza na hasara yangu. Basi tumefika kreti ya 17 kati ya 34, nainua kishikwambi, kinaniambia hakuna nafasi ya kuhifadhi. Vijana wamesimama na kreti mikononi, utomvu wa zabibu zilizopondeka unawachuruzikia kwenye kandambili, nyuki wanakuja, na mimi nimeinama nafuta video za kwaya moja moja. Mnunuzi akasema, "Mwalimu, si tuandike tu?" Tukaandika kwenye kipande cha boksi.

Usiku nikakaa na chai yangu kufuta kwa hasira. Nikaanza na za zamani, 2019 na 2020, nikijua hizo ndizo zimekaa miaka zikila nafasi bure. Nimefuta kwenye Google Photos picha kama 1,400. Asubuhi naangalia: kishikwambi bado kimejaa vilevile. Kwenye akaunti ya Google nako bado inasoma GB 14.9 kati ya 15, na Gmail inanitishia kwamba karibu nitaacha kupokea barua.

Kama hilo halitoshi, binti yangu yuko Dar na tunatumia akaunti moja (msinigombeze kwa hilo, nitagombezwa baadaye). Saa moja asubuhi kanipigia: "Mama, picha za bibi zimekwenda wapi?" Bibi yake ndiye mama yangu, alifariki mwaka juzi. Sikuwa na jibu.

Nimefuta nini hasa? Na kama nimefuta, mbona nafasi haikuonekana? Natanguliza shukrani.

Kanda_ya_Kati alijibu:

Mwalimu fomati tu hicho kitu, dakika kumi kinakuwa kama kimetoka dukani. Kupoteza muda kufuta moja moja ni kujitesa.

fundi_wa_majengo alijibu:

USIFOMATI. Mkuu hapo juu, mwenzio kapotelewa na picha za marehemu, wewe unamletea kiberiti.

Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha ufundi hapa Majengo, kesi kama yako naipata kila wiki. Kabla hujasoma maelezo yangu marefu, fanya hili kwanza: fungua Google Photos, nenda kwenye Tupio. Picha zilizokuwa zimeshapandishwa Google hukaa humo siku 60. Ambazo hazikupandishwa hukaa 30 tu. Gandamiza picha moja kidole kikae, chagua zote, bonyeza Rejesha. Mradi hukumwaga tupio lenyewe, picha za bibi zipo. Rejesha, mpigie binti, ndipo urudi hapa.

Umerudi? Haya.

Umesema kishikwambi umekinunua miaka mitatu iliyopita. Picha za 2019 zilipigwa kwa simu gani? Bila shaka ya zamani. Maana yake hazijawahi kukaa ndani ya hicho kishikwambi. Ulikuwa unaziona kwa intaneti, zenyewe ziko kwa Google. Ukizifuta, kishikwambi kinapungua nini? Hakina chake hapo.

Sasa utaniuliza, kwa Google kwenyewe mbona hapakupungua? Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Hadi mwisho wa Mei 2021 Google walikuwa wanahifadhi picha bure, ilimradi umekubali zipunguzwe ukubwa kidogo. Kuhesabu kulianza tarehe 1 Juni 2021, na zilizoingia kabla ya hapo kwa mpango ule hazihesabiwi mpaka leo. Simu nyingi zilikuwa kwenye mpango ule. Kwa hiyo Mwalimu, umewafukuza wageni waliolala uani, wenye kujaza vyumba umewaacha wanakoroma.

Tofauti nyingine ya kushika: Google Photos ina sehemu ya kupata nafasi kwenye kifaa. Ile inaondoa nakala za kwenye kishikwambi ambazo zimeshafika Google, zile za kwa Google zinabaki. KUFUTA ni jambo jingine kabisa. Ukifuta picha iliyopandishwa, inaondoka kwenye kishikwambi, kwa Google na kwa kila anayetumia akaunti hiyo. Ndiyo maana binti alishtuka Dar kabla wewe hujashtuka Hombolo.

Mzigo wenyewe uko wapi? Ingia Mipangilio, utunzaji wa kifaa, hifadhi, uone nani anakula nini. Mimi nabashiri bila kukiona: WhatsApp. Ingia WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Itakupangia grupu lenye mzigo mkubwa juu, na kuna fungu la vitu vilivyosambazwa mara nyingi na fungu la vinavyozidi MB 5. Anza na hayo mawili. Kisha zima video zisijipakue zenyewe, hata kwa waifai, la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa hapa tena.

Na GB 15 za Google zinagawanywa na Gmail, Drive na Photos, na siku hizi bakapu (nakala ya akiba) ya WhatsApp kwenye Android nayo inahesabiwa humo. Angalia kama bakapu yako inachukua na video. Zima video, halafu piga bakapu upya. Kwenye Gmail, sehemu ya kutafuta, andika larger:10M, itakuletea barua zote nzito. Ukishafuta, mwaga na tupio la Gmail, kwa sababu lenyewe linahesabiwa.

Teacher_Mpwapwa alijibu:

Fundi kamaliza kila kitu. Mimi naongeza moja tu: Mwalimu nunua memori kadi. Nilipata ya GB 512 mnadani kwa elfu kumi na tano, picha zote nimehamishia huko na raha mustarehe.

fundi_wa_majengo alijibu:

Mwalimu wa Mpwapwa, pole mapema. GB 512 kwa elfu kumi na tano haipo. Kadi hizo zimechezewa zidanganye, ndani ni GB 8 au 16. Zinapokea picha vizuri tu, ukishapita ukubwa wake wa kweli zinaandika juu ya zile za mwanzo. Jina la picha utaliona, ukiifungua ni kijivu. Jaza faili kubwa kisha jaribu kufungua za mwanzo, utanikumbuka.

Kadi ya kweli ni msaada mzuri, sibishi. Ila iwe nakala ya pili, isiwe ndiyo makazi pekee.

Teacher_Mpwapwa alijibu:

Nimejaribu. Kijivu. Ngoja nikae chini kwanza.

MwalimuZabibu aliandika:

Marahaba mwanangu fundi. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nalia kidogo, sitaki kuficha. Tupioni nimekuta 1,412, zote nimezirejesha. Binti kazihesabu upya kule Dar kana kwamba mimi ni mshtakiwa.

WhatsApp peke yake ilikuwa GB 11.6. Kati ya hizo, 4.2 ni grupu la ukoo. Kaka yangu mkubwa kila alfajiri anatuma video ya maua, jua linachomoza, maneno ya dhahabu yanapita, kinanda kinapigwa. Kila alfajiri, tangu 2020. Siwezi kumwambia aache, ndiye aliyenilipia ada ya chuo. Nimefuta kimya kimya, na nitaendelea kumwitikia amina kila asubuhi. Halafu kuna video ya mbuzi anayecheza ngoma, imo mara sita, kila grupu lilinitumia ya kwake.

Lakini fundi, yale mafungu mawili sikuyafuta kwa mkupuo, na nashukuru. Kwenye hilo fungu la zaidi ya MB 5, katikati ya maua ya kaka, kulikuwa na video ya mama wa 2021. Amekaa kwenye kigoda anahesabu mbuzi kwa Kigogo wanaporudi jioni, anafika saba anasahau, anaanza tena, anacheka. Sikujua kama ninayo. Mjukuu mmoja aliitupia kwenye grupu, nami nikaipita. Nimeitoa, nimeipandisha Photos, na nimemtumia binti.

Kwa jumla kishikwambi kimepata GB 8.3. Bakapu ya WhatsApp ilikuwa 5.9, nimeondoa video imebaki 0.7. Gmail nimekuta vitini vya semina vya miaka sita, vimekwenda pia. Google sasa inasoma 8.8.

Binti nimemwambia afungue akaunti yake. Kasema mpaka amalize kunakili picha za bibi.

Swali moja la mwisho, si la fundi, ni la wenye zabibu: kile kipande cha boksi nimekipiga picha leo. Kreti 18 za mwisho, kilo 389. Mnunuzi kanipigia mchana anasema yeye anasoma 339. Kaandika kijana wake mwenyewe, na ile 8 kweli ina tumbo moja lililoachwa wazi. Kreti 16 za kwanza ninazo picha zake zote, hakuna iliyoshuka chini ya kilo 21. Mnaonaje, nimtumie hizo picha au nimsubiri aje?